Mizani ya Ukunda

Watu wengi hudhani kwamba elimu ni mzigo wa utotoni, na kwamba mtu akiisha kuutua mlangoni mwa shule hana haja ya kuuinua tena. Mimi nami nilidhani hivyo. Nilipomaliza masomo ya sekondari, nikajifunza kazi ya viwanja vya ndege na kupata ajira, niliona kuwa kalamu imekwisha kazi yake kwangu, isipokuwa kuandika majina ya abiria na uzito wa mizigo yao. Nilikuwa nimekaribia umri wa miaka 40 nilipogundua kosa langu. Habari ya jinsi nilivyoligundua, na ya jinsi nilivyokaribia kutenda kosa kubwa zaidi katika kulisahihisha lile la kwanza, ndiyo ninayotaka kuwasimulia vijana wasomao kitabu hiki.

Kwetu ni Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Kazi yangu iko Ukunda, mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kwa matatu, kwenye kiwanja kidogo cha ndege kinachohudumia hoteli za Diani. Si kiwanja cha fahari kama kile cha Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Minazi i karibu, bahari i karibu, na abiria hutembea kwa miguu kutoka ukumbini hadi kwenye ngazi ya ndege. Huko mimi ni karani wa mizigo na safari. Hupima mizigo katika mizani, hujumlisha uzito wa abiria, wa vitu vyao na wa mafuta, kisha huandika hati ambayo rubani huitazama na kuitia sahihi kabla ya kuruka.

Kwa macho ya mtu apitaye, kazi hiyo ni ya kujumlisha tarakimu tu. Lakini ndege ina sheria zake, na sheria hizo hazina upendeleo. Hewa ikiwa moto huwa nyepesi. Mabawa hupata nguvu haba ya kuinua, na injini nayo hupungukiwa na nguvu zake. Kwa hiyo ndege iwezayo kuondoka Ukunda na mzigo wake wote saa moja ya asubuhi huenda isiweze kuubeba mzigo ule ule saa nane ya mchana, mwezi wa Februari, wakati wa joto la kaskazi. Njia ya kurukia haiongezeki urefu kwa sababu jua limekuwa kali. Hapo budi kitu kiachwe chini: sanduku, kikapu cha korosho, au hata abiria.

Na si uzito tu, bali pia mahali uzito ulipo. Jambo hili sikufundishwa kwanza na mwalimu wa anga, nilifundishwa na mjomba wangu, mvuvi wa Msambweni, ambaye ujanani mwake alisafiri katika majahazi. Yeye alinieleza, nilipokuwa mtoto, kwamba shehena ikirundikwa mno tezini, omo huinuka na chombo hakishiki njia. Ikirundikwa mno omo, chombo huchota maji. Nilipokwenda kujifunza kazi ya ndege nilikuta habari ni ile ile. Ndege iliyolemewa mkiani huinua pua yake kupita kiasi, na inaweza kushindwa kukaa hewani. Hata neno rubani tumelitoa baharini. Kabla ya kuwa jina la aongozaye ndege, lilikuwa jina la mtu ajuaye miamba na mikondo, aliyekiongoza chombo mpaka bandarini. Wazee wetu walipoiona ndege hawakutafuta neno jipya. Walitambua kuwa ni kazi ile ile katika bahari nyingine.

Nilikaa katika kazi hiyo miaka mingi bila kujiuliza ni nani alipaye mshahara wangu, na kwa njia gani. Swali hilo liliniingia mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka ule, kwa sababu ya maradhi ya korona, Kenya ilizifunga safari za abiria kutoka nchi za nje. Mwezi wa Aprili, watu wakazuiwa kuingia na kutoka Kwale, Mombasa, Kilifi na Nairobi. Hoteli za Diani zilifunga milango yake mmoja baada ya mwingine. Wapishi, watandika vitanda, madereva, wauza vinyago wa pwani, wote walirudi makwao mikono mitupu. Safari za ndege za ndani ya nchi zilirudi tarehe 15 Julai, na zile za nje tarehe 1 Agosti, lakini abiria walirudi kwa kudondoka, kama matone ya bomba lililoziba.

Katika miezi ile nilikwenda kiwanjani mara kadhaa kulinda mali ya ofisi. Nilisikia mbega wakirukaruka mitini, nikasikia upepo, na sikusikia kitu kingine. Mizani ilisimama kwenye sufuri. Nikajiuliza: Kwa nini kampuni moja hufa katika miezi 3 ya ukimya, na nyingine huishi? Mbona ndege ikilala chini bado hula fedha? Nilijua uzito wa kila kitu kiwanjani, lakini sikujua gharama ya chochote. Nikaona kuwa nusu ya kazi yangu ilikuwa imefichika kwangu, kama chini ya jahazi ilivyofichika kwa abiria.

Basi nikaazimia kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Shahada hiyo ya kwanza kwanza ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1908, kwa nia ya kuwafundisha watu kuendesha biashara kama wanavyofundishwa udaktari au sheria. Shahada ya kwanza nilikuwa nayo tayari, niliyoipata kwa masomo ya jioni. Lakini kuacha kazi nikaketi darasani Nairobi au ng'ambo sikuweza, kwani nilikuwa na mama, mke na watoto wawili. Ikabaki njia moja, nayo ni kusoma kwa masafa: mwalimu akae kwake, mwanafunzi akae kwake, na masomo yasafiri baina yao.

Njia hii si ngeni wala si ya kudharauliwa. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokaa London tangu mwaka 1858. Zamani za ukoloni, walimu na makarani wengi wa Afrika Mashariki walisoma kwa posta, wakingoja bahasha kama mkulima angojavyo mvua. Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia hiyo akiwa kifungoni, akapata shahada yake ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, kabla ya kufunguliwa. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ikakipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwezi wa Agosti mwaka 2023. Mimi nilijiandikisha mapema mwaka 2021 katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kwa kuwa wakati huo hiki chetu kilikuwa hakijazaliwa.

Mjomba aliposikia habari hiyo aliniita barazani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, elimu hiyo itaiongezea ndege bawa la tatu?"

"Hapana, mjomba," nilimjibu.

"Itapunguza uzito wa masanduku ya wageni?"

"Hapana."

"Basi ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kwamba nikiisha kuisoma nitakuja kumweleza. Alicheka, akasema, "Haya. Ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nitakungoja."

Jambo la kwanza lililonipata katika masomo hayo lilihusu saa. Sisi Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Watu wa anga, duniani kote, huhesabu kwa saa moja tu ili wasikosane, nayo iko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Safari yetu ya saa nane ya mchana huandikwa 1100. Chuo nacho kilihesabu kwa saa za London. Kwa hiyo nilikuwa mtu mmoja mwenye saa tatu kichwani. Kazi za chuo zilitakiwa ziwasilishwe kabla ya saa sita ya mchana huko, yaani saa tisa ya alasiri kwetu. Lakini Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, nami sikulikumbuka hilo. Mwisho wa Machi ule nilipeleka kazi yangu saa nane na nusu, nikijipongeza kwa kuwahi, kumbe nilikuwa nimechelewa kwa nusu saa. Nilipunguziwa alama. Sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu, nami mtu wa viwanja vya ndege ndiye ningepaswa kujua kuliko wote.

Ingawa nilianza kwa kujikwaa, masomo yenyewe yalinifungua macho. Nitatoa mfano mmoja. Tuseme ndege ndogo ya viti 12 huruka kutoka Ukunda kwenda Nairobi, na safari moja hugharimu shilingi 80,000 kwa mafuta, marubani, matengenezo na ada. Tuseme tikiti ni shilingi 8,000. Abiria 10 hulipa gharama yote, wala hawaleti faida hata ya senti. Faida yote imo katika viti viwili vya mwisho. Wakiwa abiria 8, hasara ni shilingi 16,000, kwani gharama ya safari haipungui sana kwa kuwa viti vinne havina mtu. Na kiti kilichoruka kitupu leo hakiwezi kuwekwa ghalani kikauzwa kesho. Nilipomweleza mjomba hilo alilielewa mara moja, upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Alisema, "Ni samaki asiye na barafu. Ama umuuze kabla ya magharibi, ama umtupe." Tangu siku hiyo nikajua kwa nini bei ya tikiti hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na kwa nini watu wa mauzo hukasirika wanapoona kiti kitupu.

Jambo jingine nililijifunza kwa mfuko wangu. Nilipoanza kusoma, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 110 hivi. Mwanzo wa mwaka 2024 ilifika shilingi 160, na paundi ya Uingereza ikapanda vilevile. Ada yangu haikuongezwa sana kule, lakini kwangu iliongezeka kila mwezi ingawa mshahara ulikaa pale pale. Hapo ndipo nilipoelewa mashaka ya kampuni za ndege za nchi zetu: huuza tikiti nyingi kwa shilingi, lakini vipuri, bima na kodi za ndege hulipa kwa dola. Mwalimu angeweza kunifundisha jambo hili kwa mwezi mzima, lakini risiti moja ya benki ilinifundisha kwa dakika moja.

Wakati wa kusoma niliutoa wapi? Niliutoa usingizini. Nilirudi Msambweni jioni, nikala, nikazungumza na watoto kidogo, kisha wenyewe walipolala nikafungua vitabu vyangu. Umeme ulipokatika nilisoma kwa taa. Mtandao uliponikimbia nilitoka nje, nikakaa ukutani upande wa bahari, mahali ambapo simu ilishika vizuri zaidi, huku mbu wakinifanyia mtihani wao. Mke wangu alisema siku moja, kwa upole, kwamba watoto wameanza kuniita mtu wa mgongo, kwa kuwa mgongo wangu ndio waliouona zaidi. Nilicheka. Sasa najua kuwa sikustahili kucheka.

Nafika kwenye siku ambayo kwa ajili yake ninaandika insha hii.

Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 2023, majira ya joto na ya wageni wengi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nikimaliza kazi ndefu ya chuo, yenye kichwa cha habari kuhusu namna ya kuongeza mapato bila kuongeza gharama. Niliimaliza alfajiri. Nililala saa moja, nikaoga, nikapanda matatu ya kwanza kwenda Ukunda. Asubuhi ilipita salama. Mchana ilikuja ndege ndogo ambayo viti vyake vyote 12 vilikuwa vimeuzwa. Nilifurahi kwa furaha ya mwanafunzi wa biashara: kumbe leo viti viwili vya mwisho vina watu! Nilipima mizigo, nikajumlisha, nikaandika katika hati: kilo 61.

Rubani mkuu siku hiyo alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliishika hati, akaitazama, kisha akageuka kuwatazama vijana waliokuwa wakisukuma mkokoteni wa mizigo. Aliutazama mkokoteni kwa muda. Akasema, "Mdogo wangu, mizigo ile ni kilo 61?"

Nilisema, "Ndiyo, Kapteni." Nilisema bila kutazama.

"Tuipime tena."

Tuliipima tena. Ilikuwa kilo 161. Nilikuwa nimeisoma tarakimu vema, kisha mkono wangu ukaiacha moja ya mbele, na akili yangu, iliyokuwa imelala imesimama, haikuona kuwa kilo 100 zimepotea. Kwa uzito huo, katika joto lile, ndege ilikuwa imepita kiasi. Masanduku kadhaa yaliteremshwa yangoje safari ya baadaye. Wageni walinung'unika, jasho likawatoka, na ndege ikachelewa. Kapteni hakunikemea. Alitia sahihi hati mpya, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndege haisomi karatasi, mdogo wangu. Huusoma uzito." Akapanda.

Niliisindikiza ndege ile kwa macho mpaka ikapotea juu ya vilima vya Shimba. Labda hata kwa hati ya kwanza ingeruka salama. Wanaoitengeneza ndege huacha nafasi kwa ajili ya udhaifu wa watu kama mimi. Lakini labda si neno la kuandikwa katika hati ya mizigo. Mle ndani walikuwamo watu 12 na marubani wao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenituma nisome shahada.

Baadaye niliutafuta ukweli wa jambo lililonipata. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 hupungukiwa na uwezo wa akili na mikono sawa na mtu aliyekunywa kileo kiasi ambacho nchi nyingi humzuia nacho kuendesha gari. Mimi sijapata kuonja tembo maishani mwangu, na ningemshtaki mara moja mfanyakazi mwenzangu ambaye angekuja kiwanjani amelewa. Kumbe siku ile mlevi alikuwa ni mimi, na kilevi changu kilikuwa kitabu.

Katika kazi ya anga tuna desturi moja njema ambayo natamani iwe katika kila kazi. Mtu akikosea, huandika kosa lake mwenyewe na kulipeleka kwa wakubwa, ili wengine wajifunze kabla ya kosa hilo kuzaa msiba. Kuliandika kosa langu kulinitetemesha kuliko mtihani wowote. Niliandika kila kitu: saa niliyolala, kazi ya chuo, kilo 100. Nilidhani nitafukuzwa. Sikufukuzwa. Niliagizwa kupumzika siku mbili, na tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba mizigo ya kila ndege ihesabiwe na watu wawili. Marubani walikuwa wamewekewa mipaka ya saa za kazi na za mapumziko kwa sheria. Mimi karani mpaka huo nilitakiwa kujiwekea mwenyewe, na sikuwa nimejiwekea.

Nilikwenda kwa mjomba. Nilimsimulia yote, nikamwambia nimeamua kuacha masomo kabisa. Alikuwa akishona nyavu. Alikaa kimya mpaka nilipodhani hakusikia, kisha akasema:

"Mpwa wangu, unajua farumi?"

"Mawe yatiwayo ngamani ili chombo kisiyumbe."

"Hutiwa chombo gani?"

"Chombo kitupu."

"Ndiyo. Chombo kitupu kikikosa farumi hupinduka. Lakini chombo kilichojaa shehena hakitiwi farumi, ukikitia, kinazama. Wewe ulipokuwa kijana ulikuwa mtupu, ukatiwa elimu, ukatulia. Sasa umejaa: una mama, una mke, una watoto, una roho za watu katika hati yako. Nawe unaendelea kujitia mawe kana kwamba u mtupu. Sikukwambia uvunje chombo. Nakwambia pakia kwa kipimo."

Yule mzee hajapata kusoma shahada yoyote, lakini aliiona hesabu yangu mahali ilipokosewa. Mimi nilikuwa nikipima mizigo ya watu wote Ukunda, na mzigo wangu mwenyewe sikuupandisha mizanini hata siku moja.

Nilimwandikia mwalimu wangu wa Uingereza, nikamweleza yaliyonipata. Alinijibu kwa wema kwamba wanafunzi wengi wa masafa ni watu wazima wenye kazi na jamaa, na kwamba chuo kinaruhusu mtu kusimama na kuanza tena. Nilisimama kwa muda wa miezi 6. Niliporudi nilijitungia sheria tatu. Ya kwanza, nisifungue kitabu usiku wa kuamkia zamu ya alfajiri, hata kama kazi ya chuo itachelewa na alama zipungue. Ya pili, siku moja ya juma iwe ya watoto, nao wauone uso wangu. Ya tatu, nisome somo moja badala ya mawili kwa wakati mmoja. Kwa sheria hizo safari yangu ilirefuka. Waliojiandikisha pamoja nami walimaliza mbele yangu, wakanitumia salamu kutoka huko walikofika. Niliwaonea wivu kidogo, kisha wivu ukaisha.

Utafiti wangu wa mwisho niliufanya juu ya kiwanja changu mwenyewe. Mizani mbili zilikuwa zikinisumbua moyoni: mizani ya biashara, isemayo jaza kila kiti, na mizani ya usalama, isemayo acha kitu chini. Nilitaka kujua kama ni lazima ziwe adui. Nilikusanya habari za safari za majira ya joto, nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Mizigo iliyoachwa chini iliachwa karibu yote katika safari za mchana. Safari za asubuhi, hewa ikiwa baridi, zilibeba kila kitu. Basi nikapendekeza kwamba, katika miezi ya Januari hadi Machi, safari zenye wageni wengi wenye masanduku makubwa zisogezwe asubuhi, na zile za mchana ziuzwe kwa bei nafuu kwa wasafiri wenye mkoba tu. Hivyo kampuni isingepoteza fedha, na rubani asingebishana na joto. Wakubwa wangu waliusoma utafiti huo. Walikubali sehemu moja, sehemu nyingine wakasema wageni hupenda kulala. Hilo nalo ni somo la biashara, wala halimo vitabuni.

Nilimaliza mwaka 2025. Sikupandishwa cheo. Nalisema hili wazi kwa sababu vijana wengi huambiwa kwamba shahada ni ngazi, ukikanyaga kipandio hiki hukosi kufikia kile. Pengine ni kweli kwa wengine. Kwangu mimi haijawa hivyo bado, nami sijutii. Naijua kazi yangu sasa juu na chini, nje na ndani. Nikiona kiti kitupu najua gharama yake. Nikiona sanduku likiachwa chini najua faida yake. Na nikisikia usingizi, nasema.

Hati ya shahada ililetwa ndani ya bahasha ngumu. Nilimpelekea mama, akaishika kwa mikono miwili na kuniombea dua. Kisha nikaenda nayo kwa mjomba, maana nilikuwa na deni la jibu. Aliipokea, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Ina uzito gani?"

Nilicheka, nikasema sijui. Lakini swali lake halikuniacha. Asubuhi iliyofuata nilikwenda nayo Ukunda, na kabla abiria hawajafika niliiweka juu ya mizani yetu ya mizigo. Tarakimu hazikusogea. Mizani ilisoma sufuri, kama ilivyosoma katika miezi ile ya ukimya ya mwaka 2020.

Jioni nilipomweleza mjomba, aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu tangu zamani. "Vema," akasema. "Basi haitakuzamisha. Sasa nenda ukalale, kesho una ndege."

Nilikwenda, nikalala.